Barafu, Msitu na Mfongo: Kupanga Kilimo cha Milimani Wakati Tabianchi Inabadilika

Kila Kilimanjaro inapotajwa pamoja na mabadiliko ya tabianchi, picha inayowajia wengi ni ya Kibo ikipoteza barafu yake. Picha hiyo ni ya kweli, kwa kuwa vipimo vinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya barafu iliyofunika kilele hicho ilitoweka. Hata hivyo mkulima wa Marangu, Kibosho au Machame anayetaka kujua kama mfongo wake, yaani mfereji wake wa kumwagilia, utakuwa na maji Januari ijayo hasaidiwi sana na picha hiyo, kwa sababu maji yanayonywesha migomba yake hutoka kwenye barafu kwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa hutoka msituni. Upande wa kusini wa mlima, mvua nyingi kuliko zote hunyesha ndani ya ukanda wa msitu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei, ambako kwa mwaka hupita milimita 2,000, ilhali mji wa Moshi ulio chini hupata pungufu ya milimita 1,000. Juu zaidi, mahali ambapo mvua inaanza kupungua, ukungu hunaswa na matawi yaliyofunikwa kuvumwani, hudondoka tone kwa tone, hupenya ardhini, na baadaye maji hayo hujitokeza kwenye chemchemi zinazolisha mito na mifereji.

Mwanaikolojia Andreas Hemp, ambaye ameutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, alionyesha mwaka 2005 kwamba moto wa msituni, unaochochewa na hali ya hewa inayozidi kuwa kavu, umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970. Maji ya ukungu yanayopotea kwa miti hiyo kuungua ni mengi kuliko yale yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu. Tokeo la ugunduzi huo kwa mpangaji ni kubwa kuliko linavyoonekana mara ya kwanza. Barafu haiwezi kurudishwa na uamuzi wa kijiji chochote, lakini moto unaweza kuzuiwa, na anayeweza kuuona mapema kuliko mtu mwingine yeyote ni mrina asali, mkata majani au mwangalizi wa mfongo anayepanda msituni kusafisha banio la maji. Sayansi ilipoonyesha chanzo halisi cha maji, ilionyesha pia kwamba utunzaji wake unategemea watu wanaoishi pembeni mwa msitu. Mwaka huohuo wa 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ili kuingiza msitu wote wa hifadhi, hatua iliyoimarisha ulinzi kwa upande mmoja na, kwa upande wa pili, ikaifanya njia ya mwanakijiji kuingia humo kuwa nyembamba zaidi. Mambo hayo mawili yanavutana mpaka leo.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu mazungumzo kuhusu kuhimili mabadiliko ya tabianchi mara nyingi huendeshwa kana kwamba watafiti wana maarifa, wakulima wana upungufu wa maarifa, na kazi iliyobaki ni kuyahamisha. Kwa maoni yangu ugumu hauko hapo. Swali linaloamua kama mpango utadumu ni nani atabeba hasara iwapo jaribio litashindwa, na katika kilimo cha milimani jibu la kawaida limekuwa kwamba atabeba mkulima peke yake.

Uzito wa swali hilo unaonekana ukitazama kihamba chenyewe, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikadiria kwamba kihamba cha Mchaga kilikuwa na wastani wa hekta 0.68, na tangu wakati huo ardhi imeendelea kugawanywa kati ya watoto wa kiume, kizazi baada ya kizazi, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.8. Ndani ya kipande hicho kidogo hukua miringaringa na miti mingine mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, kisha magimbi, maharage na majani ya ng'ombe anayefugwa zizini. Hemp alihesabu katika vihamba vya mlima huo aina zipatazo 520 za mimea, nyingi zikiwa ni mimea ya porini ambayo haikupandwa na mtu. Hapohapo ndipo chakula cha nyumba kinapotoka, ndipo ada za shule zinapopatikana, na ndipo wazee wa ukoo walipozikwa. Mtafiti anaposema "jaribu aina mpya katika robo ya shamba lako," anazungumza kuhusu robo ya maisha ya watu.

Historia imekwisha kutuonyesha kinachotokea jambo hilo lisipozingatiwa. Katika milima ya Uluguru, juu ya Morogoro, serikali ya kikoloni ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1940 mpango wa matumizi ya ardhi uliokusudia kuzuia mmomonyoko wa udongo, na moyo wa mpango huo ulikuwa matuta ya ngazi yaliyochimbwa kwa amri. Hofu ya wataalamu haikuwa ya uongo, kwa kuwa udongo ulikuwa ukishuka kweli na mito ikijaa tope. Lakini udongo wa Uluguru kwenye miteremko mikali ni mwembamba, na ukichimba ngazi pana bila mbolea ya kutosha unaufukia udongo wenye rutuba na kuuleta juu ule usio na kitu. Waluguru waliliona hilo katika mavuno yao, wakalisema, wala hawakusikilizwa. Juu ya hayo kulikuwa na siku za kazi za lazima, faini, na hofu kwamba anayelima ngazi katika ardhi ya ukoo mwingine huenda akadai kuwa ni yake. Mwezi Julai 1955 huko Matombo hasira ililipuka, polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Katika Usambara nako, hasa Mlalo, ulazimishaji wa matuta ulikutana na upinzani wa miaka mingi hadi ukakoma. Inafaa kukumbuka kwamba watu hawa walijua mmomonyoko ni nini. Walichokataa ni kulipia kwa njaa yao jaribio ambalo wengine walilibuni.

Miaka hamsini baadaye matuta yalirudi Uluguru, safari hii kwa mkataba. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na vijiji vya eneo la Kibungo, kwenye vyanzo vya mto Ruvu unaolipatia jiji la Dar es Salaam maji yake mengi. Hoja ilikuwa nyepesi kuieleza: tope likipungua mtoni, gharama ya kusafisha maji mjini inapungua, kwa hiyo watumiaji wakubwa wa maji walio chini wachangie gharama ya mkulima aliye juu. Mkulima aliyechimba matuta, kupanda miti na kutumia samadi alilipwa kwa kadiri ya eneo alilolihudumia, na teknolojia ilichaguliwa kulingana na mteremko badala ya kuwa moja kwa wote. Sidai kwamba malipo ni tiba ya kila kitu, kwa kuwa mradi wa malipo una udhaifu wake wa wazi siku mlipaji anapoondoka. Lakini tofauti na mwaka 1955 inafundisha. Mlima ni uleule na mteremko ni uleule, hata umbo la tuta linafanana. Kilichobadilika ni mahali ulipowekwa mzigo wa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kabla udongo haujatengemaa na mavuno hayajapanda.

Sasa tuichukue kahawa, maana hapo ndipo takwimu za watafiti na uzoefu wa wakulima hukutana kwa namna inayohitaji uangalifu mkubwa. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mavuno ya kahawa ya arabika nchini Tanzania, wakayalinganisha na kumbukumbu za hali ya hewa tangu miaka ya 1960. Waligundua kwamba kinachoiumiza kahawa zaidi si joto la mchana bali usiku kukosa ubaridi: kila joto la chini la usiku linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Kwa mkulima anayevuna kilo mia chache kwa hekta, hiyo si hasara ya pembezoni. Lakini wakulima hao ukiwauliza kwa nini kahawa imepungua, wengi wataanza na bei. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakidhibiti bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, pembejeo zikapanda, na familia nyingi zikaacha kupogoa na kupulizia dawa, au zikang'oa mibuni na kupanda migomba zaidi, nyanya na mboga. Miti ikazeeka. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani vikashamiri katika miti isiyotunzwa.

Nani basi yuko sahihi? Wote wawili, kwa kuwa visababishi hivyo haviji kwa zamu. Mbuni uliochoka kwa kutotunzwa haustahimili joto kama ulivyostahimili ulipokuwa na afya, na joto hilohilo humpa nafasi mdudu anayetoboa tunda la buni azaliane kwa kasi na kupanda hadi kwenye miinuko ambako zamani baridi ilimzuia. Mpango unaotazama joto pekee utagawa miche ya aina inayostahimili joto kwa mtu ambaye hana sababu ya kibiashara ya kuitunza. Nao mpango unaotazama bei pekee utamhimiza apande upya kahawa mahali ambapo baada ya miaka ishirini usiku hautakuwa na ubaridi wa kutosha. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, imezalisha aina chotara zinazokinzana na chulebuni na kutu, nazo zimempunguzia mkulima gharama ya dawa. Huo ni msaada wa kweli. Bado mche hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na katika miaka hiyo mtu lazima aamue mahindi ya watoto yatatoka wapi.

Wapo wanaouliza kwa nini kahawa isipande tu mlima kufuata baridi. Kwa hesabu za jumla, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi kila unapopanda mita 100, kwa hiyo ongezeko la nyuzi 1 ni kama kuliteremsha shamba kwa mita 160 au 170. Tatizo ni kwamba ukanda wa kahawa na migomba wa Kilimanjaro huishia karibu na mita 1,800, na juu yake kuna msitu, yaani kilekile chanzo cha maji tulichoanza nacho. Kuhamisha shamba kwenda juu ni kukata mzizi wa mfongo. Ndiyo maana watafiti na wakulima wengi wamerudi kwenye kivuli: mringaringa na mruka juu ya kahawa hupunguza ukali wa joto shambani, na mgomba hufanya kazi hiyohiyo huku ukitoa ndizi. Ni mpangilio ambao wenyeji walikuwa nao karne nyingi kabla haujaingia katika vitabu vya kilimo mseto, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuorodhesha mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia.

Upande mwingine wa fumbo ni utabiri. Modeli za tabianchi za dunia huigawa dunia katika miraba ambayo mara nyingi ina upana wa kilomita 100 hivi, na mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuumeza mlima mzima, kuanzia nyika ya Moshi hadi Kibo, na kuupa wastani mmoja wa joto na mvua. Mkulima anayeishi mlimani hana matumizi na wastani huo, kwa sababu mvua ya kijiji chake hutofautiana na ya kijiji kilicho ng'ambo ya korongo. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania una msaada wa karibu zaidi, lakini nao husemwa kwa lugha ya uwezekano: mvua zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani, au wastani hadi chini ya wastani. Maana yake ni kwamba uwezekano umeegemea upande fulani, wala haiondoi uwezekano wa upande mwingine kutokea. Msikilizaji akiuchukua kama ahadi, mwaka ambao ahadi haikutimia ataacha kuusikiliza kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi kwa wakulima, nami naona wana haki ya kuambiwa. Mvua za vuli za Afrika Mashariki hufuata kwa kiasi kikubwa hali ya joto la bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, hivyo zinaweza kutabiriwa kwa uhakika wa kuridhisha miezi kadhaa kabla. Masika hazina ufunguo wa namna hiyo, na kuzitabiri ni kazi ngumu zaidi. Wakati huohuo, familia nyingi za Kilimanjaro hupanda mahindi ya mwaka katika mashamba yao ya tambarare mwezi Machi, mwanzoni mwa masika. Msimu unaobeba chakula kingi ndio ambao sayansi inauona kwa ukungu zaidi.

Katika wilaya ya Lushoto, milima ya Usambara, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa kushirikiana na Mamlaka ya Hali ya Hewa na mpango wa utafiti kuhusu tabianchi na kilimo wa CGIAR, mtandao wa kimataifa wa vituo vya utafiti wa kilimo, walijaribu njia ambayo naiona ya busara. Waliwakutanisha wazee wanaosoma dalili za jadi, kama vile kuchanua kwa miti fulani, mienendo ya wadudu na ndege, na mwelekeo wa upepo, pamoja na wataalamu wa hali ya hewa, ili kila upande utoe utabiri wake na kisha ujadiliwe utabiri mmoja wa kupelekwa vijijini. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Faida yake kubwa, nionavyo, haikuwa katika kuamua nani alikisia vizuri zaidi. Mzee anayesema dudumizi amelia huwa anazungumzia bonde lake, na ramani ya taifa inazungumzia kanda. Zikiwekwa pamoja, moja hujaza pengo la nyingine. Aidha mkulima hupanda mapema zaidi kwa neno la mtu anayemfahamu, ambaye akikosea ataonana naye msibani na sokoni.

Njia nyingine iliyotumika Lushoto ilianza na kompyuta ikaishia barabarani. Watafiti walitumia programu inayotafuta mahali ambapo hali ya hewa ya leo inafanana na ile inayotarajiwa mahali pengine miongo ijayo, kisha mwaka 2012 wakawapeleka wakulima wa kijiji cha Yamba katika sehemu nyingine za nchi zenye hali kama hiyo, wakaone wenzao wanalima nini, wanahifadhi udongo vipi na wanapata wapi kipato. Grafu ya joto ikawa shamba unaloweza kulikanyaga na mwenyeji unayeweza kumuuliza maswali, likiwemo swali ambalo ripoti huliruka: mwaka wa kwanza mlikula nini?

Katika milima ya Taita, nchini Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi tangu mwaka 2011, ulitumika mkabala ulioandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha York na kupewa jina la Kiswahili, Kesho. Wakulima, maofisa na wadau wengine huulizwa ardhi inatumikaje leo, nini kinaibadilisha, na itakuwaje mambo yakiendelea yalivyo au watu wakichukua hatua mapema. Majibu yao hugeuzwa kuwa ramani, kisha ramani hurudishwa mbele yao zikosolewe. Hatua ya mwisho ndiyo inayopaswa kulindwa kwa wivu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na bila hiyo wanakijiji hubaki kuwa watoa habari wa mpango usio wao.

Hata kikao kilichoendeshwa vizuri kinaweza kuwa na viti vitupu. Kilimanjaro ardhi hurithiwa zaidi na wana wa kiume, lakini anayekata majani, kuuza ndizi sokoni na kujua ni migomba ipi imeanza kudhoofu mara nyingi ni mwanamke. Mpango wa mche mpya ukizungumzwa na mwenye hati peke yake, unaweza kuongeza saa za kazi za mtu ambaye hakuulizwa. Vijana nao wako Arusha na Dar es Salaam, na fedha wanazotuma nyumbani ni bima kubwa zaidi ya kihamba kuliko aina yoyote ya mbegu.

Kiti kitupu kikubwa kuliko vyote ni cha watu wanaotumia maji hayo chini ya mlima. Mifongo ya Wachaga, mamia kwa mamia, ilichimbwa na koo zilizoyafuata maji kwenye makorongo ya msituni, na husimamiwa na kamati zinazopanga zamu, kazi za pamoja za usafi na adhabu kwa mkaidi. Maji yanayopita mlimani huendelea kuteremka kwenye mashamba ya mpunga na miwa, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kwa muda mrefu mifereji ya udongo ilielezwa kuwa ya kupoteza maji, ingawa sehemu ya maji yanayovuja hurudi ardhini na kutokea tena chini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtumiaji awe na kibali na inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina jukumu la kugawa kile kilichopo. Lakini mpaka wa jumuiya ya kisheria unafuata mto, na mpaka wa kamati ya mfongo unafuata ukoo uliouchimba. Mara nyingi mipaka hiyo miwili hailingani. Kibali hutaja lita kwa sekunde, ilhali mfongo hugawa kwa saa za zamu.

Hapo ndipo kazi ya watafiti na wanavijiji imefikia sasa, kwenye kutafuta namna ya kuandika lita na saa katika mkataba mmoja. Vipimo vya mto vinaweza kusema kiangazi kimeshusha maji kwa kiasi gani. Haviwezi kujibu lile ambalo kamati ya mfongo hulijibu kila mwaka ikiwa imeketi chini ya mti: maji yakipungua hadi nusu, ni nyumba ipi itakayopewa zamu ya usiku, na ni shamba lipi litaachwa likauke mwaka huu ili mwakani liwe la kwanza.